Kisima cha Mhoja

Bundala alirudi uani kwetu siku ya kumi na sita tangu mabomba ya Bariadi yakauke.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la Oktoba limekaa juu ya bati mpaka misumari inalia. Kuku walikuwa wamejilaza chini ya ghala, midomo wazi. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, nakunja upindo wa suruali ya mtumba, nikasikia pikipiki ya ofisi ya maji ikizimwa nje ya wigo wa minyaa. Sikuinua kichwa. Hatua zake sikuwa nimezisikia uani kwetu kwa miaka sita, lakini mguu wangu uliacha wenyewe kukanyaga cherehani.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikajibu, macho kwenye sindano.

"Habari za siku nyingi, shemeji."

Aliniita shemeji tangu siku ile Mhoja, rafiki yake, aliponileta kutoka kwetu Ipililo nikiwa mke mpya wa miaka ishirini. Bundala ndiye aliyelibeba sanduku langu kutoka stendi. Sasa Mhoja alikuwa kaburini, mimi nilikuwa mjane, na neno lile bado lilikuwa mdomoni mwake. Nililishukuru na kulichukia kwa pamoja.

Nikamtazama. Alikuwa amekonda. Nywele za juu ya masikio zilikuwa zimeanza mvi, na hajatimiza arobaini. Jasho lilikuwa limemkaukia shatini likaacha mistari ya chumvi, na juu ya jicho la kushoto kulikuwa na bandeji.

"Umefanyaje hapo?"

"Jiwe. Juzi, pale bomba la sokoni. Nilikuwa nawasomea watu zamu za mitaa, mmoja hakuipenda zamu yake." Akajaribu kutabasamu. "Simlaumu. Ana ndoo tupu na mama mgonjwa."

Mji mzima ulijua kwamba amerudi. Baada ya mazishi ya Mhoja aliomba uhamisho, akapelekwa Maswa, na miezi miwili tu iliyopita alirudishwa kusimamia maji ya mji. Alikuwa akipita njia yetu karibu kila siku, na kila mara aligeuza uso upande wa pili. Nilijua, kwa sababu kila mara nilikuwa nachungulia katikati ya minyaa.

Mama mkwe wangu akatoka ndani, rozari mkononi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Wilhelmina, lakini mimi na mtaa mzima tulimwita mayu tu, yaani mama. Alisimama mlangoni akiushika mwimo kwa mkono mmoja.

"Mwadila, mayu," Bundala akamwamkia, akainama.

"Mwadila." Mayu alimtazama kuanzia viatu hadi bandeji. "Umekuja kumzika nani leo?"

Bundala alisogea hatua moja mbele.

"Nimekuja kuomba, mayu. Mashine kubwa ya maji imekufa. Spea imeagizwa Mwanza, labda siku kumi, labda zaidi. Mashine ndogo inatosha kituo cha afya na shule peke yake, tena kwa zamu. Jana jioni wodi ya wazazi walikosa maji ya kumwosha mtoto aliyezaliwa. Huku kwenu watu wanachimba mchanga mtoni, wanakunywa shimo moja na ng'ombe."

"Tunajua. Nyanjige naye anachimba," mayu akasema, akininyooshea kidole.

"Visima vyote vya mtaa nimevipima kwa kamba na jiwe. Vina futi ishirini, ishirini na tano, vyote vikavu. Kimebaki kimoja tu chenye futi arobaini na mbili." Akageuza macho nyuma ya jiko. "Mayu, maji yalikuwemo mle. Yalimfika Mhoja magotini."

"Usilitaje jina lake hapa."

Upepo wa moto ulipita, ukarusha vumbi la ua mpaka nyuma ya jiko, ambako kisima kilikuwa.

Mhoja alikichimba katika kiangazi kama kile, yeye ndani na Bundala juu ameshika kamba. Maji yalipotokea, wakaazima pampu ya petroli ili kuyapunguza na kuchimba zaidi. Wakaiteremsha mlemle shimoni, ikanguruma asubuhi nzima. Petroli ilipoisha, Mhoja akashuka kuihamisha. Moshi wake ulikuwa umejaa mle, na moshi ule haukuonekana kwa macho. Walikuwa na ishara yao: kamba ikivutwa mara mbili kutoka chini, mtoe mtu haraka. Bundala aliwaambia ndugu wote, mbele ya maiti, kwamba kamba haikuvutwa. Wiki ya pili ukoo ukamwaga zege juu ya mdomo wa kisima.

Tangu hapo, kila kiangazi, joto likizidi, zege lile lililia. Tak, tak. Mara mbili, kisha kimya. Lililia mchana kweupe, wala si usiku ambapo mtu angesema ameota. Nilikuwa nimejizoeza kukanyaga cherehani kwa nguvu saa hiyo ili nisilisikie.

"Nenda, Bundala," mayu akasema. "Waambie wakubwa zako kwamba bibi kizee amekataa."

"Wakubwa hawajui kama nimekuja."

"Basi nenda bila kuwaambia kitu."

Akainamisha kichwa. Akageuka. Alikuwa amepiga hatua tatu kuelekea kwenye wigo, na cherehani yangu ilikuwa kimya, ndipo nyuma ya jiko zege likalia.

Tak. Tak.

Bundala alisimama kama mtu aliyeitwa. Mgongo wake wote ulikaza chini ya shati. Alipogeuka, uso ulikuwa umempauka.

"Ni joto," akasema polepole. "Zege likipata moto sana hutanuka. Ni kazi yangu, nalijua hilo." Akajipangusa midomo. "Linalia hivyo siku zote?"

"Kila kiangazi," nikamjibu.

"Mara mbili?"

Niliitikia kwa kichwa. Alikaa akinitazama, kisha akayahamisha macho kwa mayu, na nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba anakwenda kulisema. Nilitaka kumzuia. Nilitaka pia, kwa mwili wangu wote, alimalize.

"Mayu, kamba ilivutwa."

Rozari ilitulia mkononi mwa mayu.

"Niliwadanganya ninyi wote. Ilivutwa mara mbili, niliihisi hapa." Alifungua kiganja chake cha kulia, akakitazama kama bado kuna kitu ndani yake. "Lakini nilichelewa kuelewa. Sikuwa natazama kisimani. Akili haikuwa pale. Nilipoanza kuvuta, alikuwa mzito tayari. Alikuwa mzito, mayu. Nilikuwa natazama..."

"Alikuwa ananitazama mimi," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo na kavu. Nilisimama, suruali ya mtu ikaanguka chini.

"Na mimi nilikuwa namtazama yeye."

Hakuna zaidi ya hilo lililotokea, na kwa miaka sita hilo limetosha. Nilikuwa nimewaletea uji wa mtama. Nilikuwa nimetoka kuoga, khanga mpya begani, na Bundala aliinua macho kutoka kwenye kamba. Mke wa mtu hujua anapotazamwa, na hujua pia anapopaswa kuangalia chini. Mimi sikuangalia chini. Tulitazamana muda wa kumeza mate mara moja. Hakuna mkono ulionyooshwa wala neno lililosemwa. Kisha uso wake ukabadilika, akaanza kuivuta kamba kama mwendawazimu, na kibuyu cha uji kikanipasukia miguuni.

Watu walinisifu sana baada ya pale. Walisema Nyanjige ni mkwe wa mfano, hana hata mtoto wa kumfunga, na bado amekataa kurudi kwao Ipililo, amebaki kumtunza mama wa marehemu. Nilizipokea sifa hizo huku nimeinamisha kichwa.

Mayu alikaa chini polepole kwenye ngazi ya mlango.

"Najua," akasema.

Hatukumwelewa.

"Nilikuwa mlangoni mwa jiko napepeta mtama. Niliwaona." Aliongea bila kuinua sauti. "Niliona anavyokutazama, na niliona na wewe unavyomtazama. Sikujua tu kwamba kamba ilikuwa inavutwa saa ileile. Hilo ndilo nililokuwa najiuliza miaka yote."

"Mayu..."

"Nimekula nawe sahani moja miaka sita, ng'wanone, mwanangu, nangoja useme. Nilikuwa nafikiri nitakufa hujasema."

Nilipiga magoti mbele yake. Vumbi lilikuwa la moto, liliniunguza, nikaliacha liniunguze.

"Kwa nini hukunifukuza?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza jambo la kitoto.

"Ningebaki na nani?"

Bundala alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, hakutoa sauti. Mayu alimwacha mpaka akamaliza.

"Ungevuta palepale, angepona?"

"Sijui, mayu. Labda."

"Labda," mayu akarudia. Akazihesabu punje chache za rozari kwa kidole gumba. "Wamesema kuna watoto wamekufa Ngulyati kwa kuharisha."

"Wawili. Wa Kasmiri, fundi baiskeli."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Mke wake alikaa jikoni kwangu siku tatu wakati wa msiba. Alipika mpaka macho yakavimba." Mayu alijishika goti, akainuka. "Lete watu wako kesho asubuhi. Wavunje hilo zege. Lakini hashuki mtu. Umenisikia? Hata sindano ikianguka mle, hashuki mtu."

"Hashuki mtu, mayu."

"Na hilo lenu lingine," akasema akiwa tayari amegeuka kuingia ndani, "msinitajie. Kisima nimekubali. Hilo sijakubali."

*

Wanaume wanne walikuja na mitaimbo na nyundo. Zege lilichukua saa tatu kuvunjika. Harufu iliyotoka ilikuwa ya udongo uliofungiwa, baridi, na wanawake waliokuwa wamekuja na ndoo wakarudi nyuma bila kuambiwa.

Bundala alifunga chemli kwenye uzi mrefu, akaiwasha, akaiteremsha. Tuliuona mwanga ukishuka ukutani, ukapita alama za sururu ya Mhoja, moja baada ya nyingine. Halafu ukazimika. Mwanamke mmoja akajishika mdomo.

"Hewa imekufa," Bundala akasema. "Tungoje."

Akafunga matawi ya mwarobaini kwa kamba ndefu, akawa anayapandisha na kuyashusha kisimani kuisukuma ile hewa, saa nzima, amelowa chapachapa. Chemli ya pili ilizimika. Ya tatu ilishuka mpaka chini kabisa ikakaa inawaka, na chini yake tuliona mwanga wa pili ukitikisika. Yalikuwa maji.

Hapakuwa na aliyeshangilia. Walimtazama mayu, naye alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, midomo inatembea.

Wakaweka magogo mawili na kapi, wakapitisha kamba, wakafunga ndoo. Mmoja wao akamkabidhi Bundala ncha. Alinyoosha mkono, vidole vikakataa kufunga. Nilikuwa karibu, niliona. Mtu aliyefanya kazi ya maji maisha yake yote alikuwa hawezi kushika kamba ya kisima.

"Nipe," nikasema.

"Shemeji..."

"Nipe, Bundala."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake bila kutanguliza shemeji. Nikaichukua. Nikaishusha ndoo, nikasikia inapiga maji, nikangoja ijae, nikaanza kuvuta. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nusu ya njia nilikita miguu ardhini, kisha kamba ikawa nyepesi. Alikuwa amesimama nyuma yangu na ameishika. Viganja vyake vilikuwa nyuma ya vyangu, havikunigusa, lakini nilisikia joto lake shingoni na pumzi yake ikienda sawa na yangu. Tulivuta, macho yetu sote wawili yakiwa kwenye mdomo wa kisima. Hatukuthubutu kutazamana.

Ndoo tano za kwanza tulizimwaga. Yaliyofuata akayatia klorini. Boza la trekta la kwanza liliondoka saa kumi kwenda wodi ya wazazi.

Kuanzia hapo kisima kikawa kazi yangu. Bundala alinipa daftari la mitaa na sheria yake: alfajiri boza la kituo cha afya, kisha ndoo mbili kwa kila nyumba, saa sita funga, kiache kipumue mpaka saa kumi. Mtu akilia, funga. Mtu akitukana, funga. Nilijifunza kuwaambia hapana wanawake niliokuwa nasali nao, na nilielewa ile bandeji ilivyopatikana. Yeye alikuja mara mbili kila siku na kamba yake ya kupimia, na mbele ya foleni nzima tuliongea maneno yetu yote ya mapenzi.

"Kina?" ananiuliza, akinipa kamba nishushe.

"Futi sita asubuhi. Sasa nne na nusu."

"Leo ndoo mia na ishirini, usizidishe."

"Umekula?"

"Bado."

"Kuna viazi."

"Asante. Kesho."

Kesho yake alijibu vilevile. Hakula hata siku moja nyumbani kwetu. Mayu alikuwa anatazama kutoka mlangoni, na hatukumtajia lile alilotukataza.

*

Siku ya kumi na moja spea ilifika. Tulijua kwa kelele: zilianza mbali upande wa sokoni zikaja mtaa kwa mtaa, vigelegele, mabomba yanakohoa hewa na kutu kisha yanatoa maji. Foleni ya uani kwetu ikayeyuka. Wanawake walichukua ndoo zao wakaondoka wakikimbia. Ua ukawa mtupu kama zamani, isipokuwa shimo lililokuwa wazi.

Nilikuwa nakunja kamba, nikijiambia kwamba sasa hana sababu tena ya kuja.

Alikuja saa tisa. Hakuwa na pikipiki wala kamba ya kupimia. Shati lilikuwa limepigwa pasi, na kovu juu ya jicho bado lilikuwa jekundu.

"Leo sikuja kwa kazi ya maji," akasema.

Kabla sijapata la kujibu, mayu akatoka ndani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kichwani amebeba kifurushi.

"Nakwenda Kalemela kwa dada yangu," akasema. "Basi la saa kumi litanifikisha."

"Kalemela? Kwa siku ngapi, mayu?"

"Mpaka nifie huko." Hakusema kwa hasira. "Siwezi kumwona akikaa mahali pa mwanangu. Nimejaribu siku kumi na moja, nimeshindwa. Na siwezi kukushikilia wewe ukauke humu kama nilivyokauka mimi. Kwa hiyo nakwenda. Hatakuwepo mtu wa kuwatazama."

Alitembea. Alikuwa ameshafika kwenye minyaa, mgongo umenyooka chini ya kile kifurushi, ndipo nikapata miguu yangu. Nilimkimbilia nikasimama mbele yake.

"Hapana."

"Nipishe, Nyanjige."

"Sikupishi." Nikamgeukia Bundala. Nilimtazama usoni, mchana, mbele ya mayu, bila kushusha macho. "Nitakuambia mara moja tu. Nakupenda. Nilikupenda siku ile na nilijichukia kwa ajili yake, na kila siku tangu hapo. Lakini mimi siendi mahali bila mayu. Nyumba nitakayoingia, anaingia yeye kwanza. Kama hilo huliwezi, rudi Maswa, wala usipite tena njia hii."

"Mtoto huyu ana wazimu," mayu akasema.

Bundala alisogea mpaka karibu na minyaa.

"Nyumba yangu ni ya kazi, pale kwenye mashine," akasema, na alikuwa anaongea na mayu, si na mimi. "Ina vyumba viwili na sebule. Kelele za mashine ni mbaya mwanzoni, baadaye mtu anazizoea. Kama utanikubali, mayu, chumba cha mashariki ni chako. Sikuombi unisamehe."

"Hata ungeomba."

"Najua."

"Mimi nikalale chini ya bati la mtu aliyemtazama mke wa mwanangu?"

Mbali, watoto walikuwa wanapiga kelele chini ya bomba. Mayu alikishusha kifurushi kichwani, akakishika kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na akawa anaangalia barabara ya stendi, kisha ua, kisha mimi.

"Na mbuzi wangu?" akauliza. "Huko kwenye mashine watakula nini?"

"Kuna majani ya mto, mayu. Nitawajengea banda."

"Na hiki kisima?"

"Ni cha mtaa sasa," nikasema. "Tutawaachia."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayesikia habari za jamaa wa mbali. Halafu alitupita sisi wawili, akazunguka jiko, akaenda kusimama ukingoni mwa shimo. Bundala alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono.

Tulimsikia mayu akiongea kwa Kisukuma, taratibu, bila kulia. Alimwita Mhoja kwa jina lake la utotoni. Akamwambia kwamba tunahama, si mbali, pale kwenye mashine ya maji, asije akatutafuta hapa akakuta nyumba tupu.